Perefe Alilala Chini Kwanza

"Wewe ungelala wapi hapa?"

Aliniuliza mbele ya wenzangu wote, kwenye ufuko ulio kusini mwa Rumonge, likizo ya kwanza aliyotupeleka kupiga kambi. Mbele yetu kulikuwa na mchanga, matete, kijito kinachoingia ziwani, shamba la michikichi, na milima nyuma ya hayo yote. Kwangu kila sehemu ilikuwa sawa na nyingine. Nikamjibu kwamba mtu aliyechoka hulala popote. Wenzangu walicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaniacha nimesimama na mzigo kichwani mpaka mahema yote yaliposimama. Swali lake sikuweza kulijibu siku ile, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba halikuwa swali la maana.

Tulimwita Perefe kwa sababu alikuwa perefe, yaani msimamizi wa nidhamu, katika sekondari yetu. Alikuwa mtu wa kengele na fimbo, ambaye mlio wa viatu vyake ulimtangulia kwenye kila kona. Likizo ikifika alivua tai, akavaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, akawaongoza vijana mwambaoni, mwaka huu upande wa Gitaza, mwaka ujao karibu na Kabonga, popote palipokuwa na mchanga wa kutosha kusimamisha mahema. Mji mzima ulimwita hivyo hivyo, hata watu ambao hawakuwahi kuketi darasani. Alikozaliwa na ukoo wake sitavitaja. Miaka ya vita maswali ya namna hiyo yaliulizwa barabarani na watu wenye silaha, na mimi niliyezoea kuuliza kila kitu, hilo sikutaka kuliuliza.

Yeye aliniita Purukwa. Ni "kwa nini" ya Kifaransa, neno ambalo alisema amechoka kulisikia kutoka kinywani mwangu. Nikichelewa mstarini alisema, bila kugeuka, "Purukwa bado anauliza kiatu chake kwa nini kiko na kamba." Nilichukia jina hilo mpaka nilipofika chuo kikuu na kukuta hakuna anayeniita kwa jina lolote.

Namna yake ya kuchagua mahali pa kambi haikubadilika. Alitaka kufika jua likiwa bado kali. Anayefika jua limezama, alisema, hachagui, anaokota. Alituacha tukae juu ya mizigo na yeye akazunguka peke yake, mikono nyuma, kama anayekagua bweni. Aliangalia nyasi. Palipokuwa na mfereji laini ulioshuka kutoka kwenye majani hadi majini, alitikisa kichwa, kwa maana ile ni njia ya kiboko, na kiboko akirudi nyumbani hamzunguki mtu. Aliangalia mstari wa vijiti na magamba uliosukumwa na mawimbi, akajua ziwa hupanda mpaka wapi upepo wa kusini unapovuma. Mahali mito inapomwagikia ziwani alipakataa pote, kwa sababu ya mamba, na kwa sababu mvua ikinyesha milimani maji mekundu hushuka ghafla hata kama huku chini jua linawaka. Chini ya michikichi hakutaka vilevile. Panya hufuata chikichi, nyoka hufuata panya.

Haya yote ningeweza kuyakubali. Ni mambo yanayoonekana, na mtu anaweza kuyapima. Lililonishinda ni la mwisho. Akisharidhika na macho yake alilala chini. Alijinyoosha chali juu ya mchanga, na shati lake safi, mikono kifuani, macho yamefumbwa, akatulia hivyo muda ambao sisi tulikuwa tunabanana mbavu ili tusicheke. Kisha alisimama, akajipangusa, akasema moja kati ya maneno mawili: hapa patatupokea, au hapa hapatutaki.

Nilimwambia mahali hapana moyo wa kutaka wala kukataa. Nilikuwa na miaka ya kutosha kujiona nina akili. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo darasani hakulifanya kamwe, halafu akasema, "Sawa. Niletee neno lingine, nitalitumia." Nilitafuta neno hilo siku mbili tatu. Sikulipata, na yeye hakunikumbusha.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Aliyetuchagulia mahali pa kulala kwa uangalifu namna ile alipanga chumba nyuma ya soko ambacho bati lake lilivuja, na mvua ikinyesha aliweka sufuria kitandani na yeye akalala kwenye kiti. Alipenda ufuko kuliko mtu yeyote niliyemjua, lakini hakuingia ziwani kupita magoti. Wavulana walisema hajui kuogelea. Mimi nilimwuliza waziwazi, naye akasema kwamba ziwa analijua, na kwamba hiyo ndiyo sababu. Shuleni alichapa watu kwa kosa la kifungo cha shati, lakini kambini aliwaacha wadogo wale kwanza na yeye akala ukoko.

Hakuoa. Kwa hilo alitaniwa na mama mmoja wa Kikongo, mfanyabiashara wa ndagala, wale samaki wadogo wa kuanikwa, aliyetoka upande wa Kivu na kukaa Rumonge muda mrefu, ambaye alituuzia samaki kila tulipopiga kambi karibu na mji. Mama huyo alikaa juu ya ndoo yake akamtazama Perefe akilala na kuamka, kulala na kuamka, sehemu tatu tofauti.

"Perefe," alisema, "unachagua mahali kama vile wengine wanachagua bibi. Ndiyo maana hauna."

"Bibi ukikosea kumuchagua, atakuambia," Perefe alijibu, bado amefumba macho. "Mahali hapakuambii."

Kukosea alikosea. Mwaka mmoja alituweka kwenye kipande cha ardhi kavu karibu na Gitaza, na kabla ya mapambazuko siafu waliingia katika hema la wasichana. Hakuna aliyeumia vibaya, lakini tulitoka mbio tukiwa tumevaa vitenge tu na kilio kilifika barabarani. Asubuhi tulipopanga mstari, Perefe alijiita mwenyewe mbele, kwa sauti ile ile aliyowaitia wakosaji, akapiga magoti juu ya changarawe mbele ya wanafunzi wote. Hakuinuka mpaka uji ulipoiva. Wasichana wengine walilia kwa kumwonea huruma. Mimi niliona ni maonyesho, na nilimwambia hivyo. Siafu hawana ratiba. Adhabu haikumfundisha mtu kitu. Alisema, "Sikupiga magoti kwa ajili ya siafu. Nyinyi mulilala kwa sababu mimi nilisema mulale."

Nilipoingia chuo kikuu, Bujumbura, nilianza kumfikiria kama mfano wa kosa la kufikiri. Tulifundishwa kwamba mtu hawezi kujua dawa inafanya kazi kama hajatazama pia wasiopewa. Perefe alichagua mahali, usiku ukapita salama, na wote tukasema amechagua vizuri. Lakini mahali alipopakataa hatukulala, kwa hiyo hatukujua pangetufanya nini. Huenda pangetupokea vizuri zaidi. Nilifurahi sana na hoja hiyo. Nilimweleza mama yangu nilipokwenda nyumbani, naye, huku akichuja mawese ya kuuza, akaniambia kwamba kama nina muda wa kufikiria mambo ya Perefe, basi nina muda wa kuosha madumu.

Kisha vita vikafika kwenye mabweni ya chuo, nikarudi Rumonge moja kwa moja. Mabweni hayakuwa tena mahali pa kulala. Nyumbani nilimkuta mama ana homa na kifua kinachokoroma anapopumua. Dispensari ilikuwa imefungwa. Baba alikuwa amefariki tangu nikiwa mdogo. Tulikuwa wawili tu.

Asubuhi moja milio ya risasi, ambayo tulikuwa tumezoea kuisikia juu milimani, ilishuka mpaka kwenye michikichi iliyo nyuma ya mji. Barabara ya lami haikupitika, kwa sababu watu walisimamishwa na kushushwa, na wengine hawakupanda tena. Mitumbwi ya kuvuka kwenda Kongo ilikuwa imeshaondoka. Watu wa mtaa wetu, Waislamu wa hapo hapo mjini, Wakongo wa biashara ya ndagala, na Warundi waliokuwa wameteremka kutoka vilimani siku zilizotangulia, tulijikuta uwanjani na mafurushi, bila anayejua aelekee wapi. Perefe alitokea katika kaptula yake ya kaki na begi mgongoni. Hakumwambia mtu amfuate. Aligeukia kusini, kuelekea Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania, akaanza kutembea kando ya maji. Tukamfuata, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na swali moja tu kichwani, na huyu ndiye mtu pekee tuliyejua kwamba ana jibu lake.

Alitupanga mstari mmoja kama shuleni. Mbele yeye na fimbo yake, nyuma wanaume wawili wenye nguvu, katikati wazee na watoto, hakuna kuzungumza. Nilimwuliza kwa nini mstari. Alisema mtu akipotea katika kundi hujui, akipotea katika mstari unaona pengo. Mama alitembea mbele yangu, ameshikwa mkono na yule mama wa Kikongo ambaye sasa hakuwa na ndoo wala utani. Nilitazama mgongo wa mama kila hatua. Nilitaka kitu kimoja tu, afike mpakani akiwa hai, maana tulisikia kwamba ng'ambo kuna madaktari.

Sehemu mbili za kwanza alizochagua zilikuwa nzuri, sina budi kusema. Alizunguka, akatazama nyasi, akalala chini mbele ya watu wazima ambao hawakucheka, akasema patatupokea. Ya kwanza ilikuwa kwenye kona ya miamba iliyotuficha na upepo na barabara. Mama alilala mpaka jua likamgusa usoni. Aliamka akaniambia hajalala hivyo tangu homa ianze, halafu akamshukuru Perefe kwa Kirundi, murakoze cane, akimshika mkono kwa mikono miwili kama mtu anayemshukuru imamu. Hoja yangu ya chuo kikuu niliiweka kando. Nilikuwa tayari kuamini chochote ambacho kingempa usingizi.

Siku ya tatu, jua likiwa bado juu kidogo, tulifika kwenye ufuko ambao hata mimi, kama angeniuliza tena swali lake, ningeuonyesha. Mchanga ulikuwa wa usawa na mkavu. Kijito kilikuwa chembamba na safi, kinashuka kwenye mawe, mbali na nyasi za viboko. Kulikuwa na kibanda cha wavuvi chenye mlango wa bati lililopakwa rangi nyekundu, na kuni zimepangwa ukutani. Kwenye mchanga mbele ya kibanda walianikwa ndagala, wengi, wanang'aa kama bati jipya. Mama alifika pale akakaa chini bila kuambiwa. Alisema, "Hapa," akaegemea furushi letu. Watu wakaanza kutua mizigo.

Perefe alizunguka. Aliinama penye ndagala, akawageuza kwa vidole, akanusa vidole, akatazama kibandani bila kuingia, akatazama mlimani ambako wingu la mvua lilikuwa limeshajenga. Hakulala chini. Alirudi akasema tubebe mizigo, tunaendelea.

Nilisimama mbele yake. Nilisema kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba mama hawezi. Nilimtaka anionyeshe mamba yuko wapi, kiboko yuko wapi, mto wa kufurika uko wapi.

"Ndagala iko mubichi chini," alisema. "Juu imekauka, chini bado. Mutu amewatandaza leo. Wingu lile anaona kama mimi ninavyoliona, na hakuwaanua. Mwewe anakula, hakuna mutu wa kumufukuza. Wenyewe wametoka hapa sasa hivi, Purukwa, wamekimbia. Kitu walichokimbia kiko karibu."

"Huenda kimeshapita."

"Huenda."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui," alisema. "Inuka na mama."

Nilibaki nimesimama. Hoja yake ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Hakuna mtu wa mwambao huu anayeacha ndagala walowe. Wakilowa huoza, na kazi ya usiku mzima ziwani imepotea. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo tangu utotoni. Niliona nyuso zinabadilika, watu wanatazama mlimani, wanatazama matete, wanaokota watoto. Mwanamume mmoja tayari alikuwa ameanza kukimbia, na Perefe akamrudisha mstarini kwa fimbo.

Mama ndiye aliyenitoa. Alininyooshea mkono nimwinue. Nikamwambia tubaki wawili tu, waende wao. Akasema, "Usibishane na mutu aliyebeba watu wote hawa. Niinue, mwanangu." Miguu yake haikukubali mara ya kwanza. Mimi na yule mama wa Kikongo tulimwinua pamoja, mara ya pili akasimama.

Mvua ilitukuta njiani. Ilikuwa mvua ya milimani, baridi na nzito, na hapakuwa na pa kujificha kwa sababu Perefe alikataa kutuingiza kwenye michikichi. Tulipofika alipopakubali palikuwa mteremko wa mawe juu ya maji, mahali ambapo mtu alilazimika kukaa badala ya kulala. Alilala yeye kwanza juu ya mawe yale katika mvua, akasema patatupokea, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na uhakika. Aliweka turubai lake juu ya mama na mimi. Yeye alikaa nje. Mama alitetemeka, akaacha kutetemeka, na asubuhi, mvua ikiwa imekatika na ziwa limetulia kama halijawahi kumdhuru mtu, alikuwa ameshakufa. Kichwa chake kilikuwa kwenye paja langu na nilikuwa sijajua.

Mazishi yalikuwa ya haraka. Mzee mmoja wa msikiti wetu alikuwa katika mstari, na ndiye aliyesimamia. Lakini walipoanza kutafuta pa kuchimba, watu walimtazama Perefe, ambaye hakuwa Mwislamu, na yeye akaenda kutafuta. Alizunguka muda mrefu. Aliangalia mstari wa mawimbi, aliangalia nyasi, alipanda juu zaidi, mbali na mahali maji ya mlimani yangeweza kupita. Kisha akalala chini, chali, mikono kifuani. Mzee akamsogelea akamwambia kwa upole kwamba kwetu maiti halali hivyo. Analala ubavu wa kulia, uso kaskazini. Perefe hakufungua macho. Aligeuka ubavu wa kulia, akaelekeza uso kaskazini, akatulia. Nilimwona anapumua. Alipoinuka alikuwa na udongo shavuni na hakuupangusa.

"Hapa patamupokea," aliniambia.

Tulimzika, tukaendelea kutembea, tukafika Kabonga, mpakani, tukavuka. Hakuna mwingine aliyekufa njiani. Kambini Tanzania watu walisema Perefe ametuokoa. Nilisikia habari hiyo ikisimuliwa kwenye foleni ya maji, kila mara na jambo jipya limeongezwa: kwamba alisikia nyayo, kwamba alinusa baruti, kwamba waliolala ufuko ule baada yetu waliuawa wote. Nilimwuliza kila msimuliaji ameambiwa na nani. Hakuna aliyekuwa na jibu. Perefe mwenyewe hakusimulia. Alikuwa akipanga watoto mstarini asubuhi chini ya turubai lililoitwa shule, na mimi nikafundisha hesabu kwenye turubai la jirani, na kwa muda wote huo hatukuzungumza juu ya ufuko ule. Nilikuwa nimemchukia, kisha nikachoka, kisha nikabaki na kile ambacho nilikuwa nacho tangu mwanzo, yaani mahali tulipokataa kulala na kutojua pangetufanya nini. Chuoni swali hilo lilikuwa zoezi. Sasa lilikuwa mama yangu.

Nilimwona mara ya mwisho miaka mingi baada ya vita. Nilikuwa nafanya kazi Bujumbura, na kazi ikanipeleka Nyanza-Lac, ambako wengi waliorudi kutoka Tanzania walipewa viwanja. Niliuliza Perefe anakaa wapi, na kila mtu alinielekeza. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, ndogo, safi, na ilijengwa karibu kabisa na mahali mto unapoingia ziwani. Ukutani kulikuwa na mstari wa tope ulioachwa na mafuriko, juu kidogo ya goti.

Alikuwa amezeeka upande mmoja. Mkono wa kushoto haukufanya kazi. Alinitambua kwa sauti.

"Purukwa. Amahoro."

"Amahoro, Perefe."

Niliketi. Tuliulizana habari za walio hai, halafu za wasio hai. Alinipa ndizi na akanisisitiza nile mbele yake. Mwishowe nilimwuliza, maana nisingekuwa mimi kama nisingeuliza, imekuwaje akajenga mahali ambapo asingeruhusu mwanafunzi hata aweke mkoba.

"Ndipo waliponipa," alisema. "Nilipolala chini, afisa alifikiri naumwa. Alitaka kuniitia gari." Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Hapa hapanitaki, najua. Lakini mimi iko mutu mumoja. Mutu mumoja anaweza kulala popote. Si wewe ulisema?"

Nilishangaa kwamba alikumbuka. Ndipo nikamwuliza lile nililokuwa nimekuja nalo, ingawa nilikuwa nimejiambia kwamba nimekuja kumsalimia tu. Nilimwuliza kama angefanya vilevile siku ile.

Hakujifanya haelewi ni siku gani. Alisugua mkono ulioumia kwa mkono mzima.

"Ndagala walikuwa wabichi," alisema. "Ningefanya vilevile. Watu walikuwa wengi, mama yako alikuwa mumoja. Nikiwa macho nasema hivyo. Nikifumba macho, namuona anakaa chini na kusema hapa, na naona yeye ndiye alichagua muzuri." Alinitazama. "Wewe unauliza watu. Umesoma, unatembea. Ukipata mutu wa kule, muulize walikimbia nini. Hata kama jibu iko mubaya kwangu, nataka kulijua."

Nilimwahidi. Nilipotoka alitembea nami mpaka barabarani polepole, na njiani, kwa mazoea tu, alikuwa akitazama nyasi.

Niliuliza. Kila kazi iliponipeleka mwambaoni niliuliza wavuvi na wanawake wa ndagala, lakini vita vilikuwa vimewahamisha watu na hakuna aliyekuwa wa ufuko ule. Perefe alifariki katika msimu wa mvua uliofuata. Si mto uliomchukua. Alikufa kitandani, wanafunzi wake wa zamani wakamzika, nami nilichelewa kupata habari. Nikaacha kuuliza. Nilidhani kwamba nisiye na wa kumpelekea jibu sina haja nalo.

Ilipita tena miaka. Nilikuwa Gitaza, nimesimama kando ya barabara kununua ndagala wa kupeleka mjini, na mwanamke aliyeniuzia alikuwa akilalamika juu ya wingu lililokuwa juu ya mlima. Alisema hatawaacha samaki wake walowe tena, mara moja ilitosha. Nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, ilikuwa lini hiyo mara moja. Akasema ni wakati wa vita, kule chini, kabla ya Nyanza-Lac, walipokuwa na kibanda penye kijito, kibanda chenye mlango mwekundu.

Niliweka mfuko chini.

Alisema walikuwa wanageuza ndagala mchana, yeye na dada zake na mama yao, ndipo mtu aliyekuwa mlimani alipowapigia mluzi. Watu walikuwa wanakuja mchangani kutoka kaskazini, wengi, wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine kama jeshi, hakuna anayezungumza, na mbele yao mwanamume mwenye nguo za kaki na kitu kirefu mkononi. Waliacha kila kitu wakapanda kwenye vichaka, na kutoka huko waliwatazama. Alisema walikuwa waasi wa ajabu. Hawakuingia kibandani, hawakugusa kuni, hawakuchukua hata samaki mmoja. Mama mmoja alikaa chini, alionekana mgonjwa, wakamlazimisha kuinuka wakaenda naye.

Nilimwuliza ni nani mwingine aliyepita pale siku ile, kabla yao au baada yao.

"Hakuna mutu," alisema. "Tulikaa juu tukiangalia mpaka giza. Walikuwa hao tu."